Meza ya Duka na Meza ya Jumla

Watu wa Makina, huku Kibera, walicheka waliposikia nimejiandikisha masomo ya biashara. "Mama Sella, wewe na kopo lako la mafuta taa! Utaelimika uende wapi?" Nami nilicheka nao, nikasema elimu haina mwisho. Masomo yenyewe yalikuwa Kawangware, na Kawangware ndiko alikokuwa Sella wangu. Hilo sikulisema.

Sella ndiye mtoto niliyebaki naye. Alitoroka akaenda kwa kijana mmoja Mkabras wa Kakamega, Shiundu, fundi wa mabati. Si kijana mbaya. Nilimwona mara moja tu, kwa mbali, amebeba karai kichwani, anatembea kama mtu anayejua anakoenda. Lakini kwetu Bungoma msichana akiondoka vile, harudi kwa mama yake mpaka watu wa mume waje wajitambulishe, wakae na wazee wetu, watoe vile vitu vinavyotolewa. Kabla ya hapo mama hakanyagi nyumbani kwa mkwe. Mkwe naye hamtazami mama usoni, hampi mkono, na hawawezi kuketi benchi moja. Hakuna chuki hapo, ni heshima tu. Ila heshima nayo ina baridi yake, na hiyo baridi huwezi kuiwashia jiko.

Basi nikangoja waje. Mwanamke mmoja muuza samaki wakavu, Nasipwondi, aliyekuwa akizunguka na kapu lake Kibera na Kawangware, ndiye aliyeniletea habari kwamba Sella amejifungua msichana. Nilipiga vigelegele peke yangu, hadi mwenye nyumba, mzee wa Kinubi, akaja kuuliza kama kuna nyoka. Kisha Nasipwondi akarudi kwao Busia, na tangu hapo hakuna aliyeniletea neno.

Mimi ni mtu wa vitendawili. Nilivipata kwa nyanya yangu kabla hata sijapelekwa shule ya misheni. Lakini kitendawili kinataka watu wawili, mmoja atege na mwingine ajibu. Chumbani kwangu nilikuwa nategua nilichotega mwenyewe. Kitendawili. Tega. Nikimwita haji, nikimsahau ananikuta nimeketi. Usingizi. Mara nyingine jibu nalijua kabisa, najifanya silijui, ili mchezo urefuke.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilifunga kibanda changu cha mafuta taa, nikajifunga kitambaa kizuri, nikakata Barabara ya Ngong, nikapita Dagoretti Corner. Huko njiani nilimtazama kila mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Wengine waliniamkua wakidhani nawafahamu. Kumuuliza mtu nyumba ya Shiundu ni ipi, hapana, sikuweza. Mama mkwe anaulizia njia ya kwa mkwe wake kama mtu anayetafuta choo? Watu wangesema nini?

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu aliitwa Naftaly, mwana wa palepale. Babake alikuwa na ploti tatu pale juu, na yeye mwenyewe alipelekwa ng'ambo kusoma mambo ya bidhaa, jinsi zinavyosafiri kutoka nchi hadi nchi. Mwaka ule watoto wa shule ndio walikuwa wameanza kupewa maziwa ya bure, na Naftaly akaanza kutufundisha sisi wazazi wao na nyanya zao. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na hakutuita wajinga hata mara moja.

Jumamosi ninayotaka kuwaambia habari yake, tulikuta meza nne zimepangwa mstari, viti vyote vikitazama mlango, kila mtu ampe wa nyuma yake mgongo. Juu ya kila meza kulikuwa na kikombe cha maharagwe na vipande vya karatasi.

"Leo hamwandiki," Naftaly akasema. "Leo mnacheza."

"Mwalimu, nimeacha kitunguu changu sokoni nije kucheza?" akauliza Muthoni. Muthoni ni mwenye ploti, mke wa watu, ana mwili na ana sauti. Tulikuwa tumepatana tangu siku ya kwanza kwa sababu alipenda vitendawili vyangu ingawa hakuwahi kujibu hata kimoja.

"Utacheza, na utachoka kuliko ukiuza kitunguu," mwalimu akamjibu.

Akatueleza. Kila haragwe ni stovu, zile stovu za mafuta za kupiga pampu. Meza ya mwisho kule ni kiwanda, kiko ng'ambo. Inayofuata ni bandari ya Mombasa. Inayofuata ni duka la jumla, hapa mjini. Ya mwisho huku mlangoni ni duka dogo la Kibera. Mwalimu mwenyewe ni wanunuzi. Akigonga kipande cha reli, hiyo ni wiki moja imekwisha. Kila wiki duka linaandika kwenye karatasi stovu linazotaka, linampa wa jumla. Wa jumla anaandikia bandari, bandari inaandikia kiwanda. Stovu nazo zinarudi kwa njia ileile, mkono kwa mkono, lakini zinachelewa, kwa sababu bahari ni pana na reli ni ndefu.

"Na sheria kubwa," akasema, "hakuna kuongea. Wala kugeuka. Unachojua ni karatasi uliyopewa tu."

Kisha akaanza kutaja majina. Kiwanda akapewa Gerishon, seremala mmoja mzee. Bandari akapewa Muthoni. "Duka, Mama Sella." Nikaketi. "Na jumla, tuna mwanafunzi mpya leo, fundi wetu wa mabati hapa Kawangware. Shiundu, karibu, keti pale nyuma ya Mama Sella."

Niliganda kama uji uliosahaulika. Nyuma yangu nikasikia viatu vikisimama. Vikasimama muda. Halafu kiti kikavutwa, kikavutwa tena, kikasogezwa mbali kadiri meza ilivyoruhusu. Hapo nikajua kwamba na yeye amenijua.

Ningeinuka niseme, mwalimu, haiwezekani? Nilifikiria. Lakini kusema ni kuwatangazia watu wote kwamba binti yangu aliondoka bila wazee kukaa. Yeye naye hakusema. Mwalimu akagonga reli.

Wanunuzi wakataka stovu nne. Nilikuwa nazo, nikatoa. Sasa ilibidi niagize. Nikashika penseli, na mkono ukakataa. Mtu anamwomba mkwe wake vitu? Mama mkwe hupewa, haombi. Akiomba anajishusha, na anamwaibisha binti yake. Nikaandika moja. Stovu moja. Nikaiweka karatasi kwenye ukingo wa meza, nikakohoa, nikatazama dirisha. Baada ya kitambo nikasikia karatasi ikichukuliwa polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku.

Muda wa stovu kuja ulipofika, kikombe kiliwekwa sakafuni kando ya kiti changu. Nikasikia akikohoa kwa heshima. Nikainama. Kilikuwa kimejaa. Niliomba moja, akanipa zote alizokuwa nazo! Na ndivyo ilivyo, kwetu mama mkwe hapewi kitu kimoja. Angenipa haragwe moja ndani ya kikombe, angekuwa amenitukana mimi na ukoo wangu.

Sasa duka langu lilijaa stovu hadi hazina pa kukaa. Wiki iliyofuata nikaandika sifuri, ili kijana asijisumbue. Kumbe hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu mama mkwe anayekataa zawadi amekasirika, na aliyemkasirisha ni nani? Nyuma yangu nikasikia mtu akipumua kwa nguvu na penseli ikikwaruza. Baadaye nilikuja kuona karatasi aliyomwandikia Muthoni. Aliandika thelathini, za kunituliza.

Muthoni kuona thelathini akadhani Nairobi nzima imeacha kupika kwa makaa. Naye akaongezea zake kidogo, maana mfanyabiashara hakosi kuongeza, akaandika hamsini na tano. Gerishon pale kiwandani akajishika kichwa. Akajaza vikombe. Maharagwe ya mwalimu yakaisha, ikabidi wakavunje vijiti vya kiberiti viwe stovu. Kila reli ikigongwa, kikombe kinatua sakafuni kando ya kiti changu, kikohozi, kimya. Kingine, kikohozi, kimya. Nilikuwa nimezungukwa na vikombe kama mtu aliyekaa chini ya paa linalovuja.

Na sikuweza kugeuka. Hatua moja nyuma ya mgongo wangu alikuwa mtu anayejua kama mjukuu wangu ana meno, kama analia usiku, kama amefanana na nani. Mwalimu alikuwa ametukataza kuongea, na hata asingetukataza tusingeongea.

Alipogonga mara ya mwisho, Naftaly akasema tugeuke. Wengine wakageuka. Mimi niligeuza kichwa nusu, na Shiundu akawa anasoma ukuta.

"Mnaonaje?" mwalimu akauliza.

"Mimi naona huyu wa jumla ana wazimu!" Muthoni akafoka huku anacheka. "Wee kijana, thelathini! Thelathini za nini? Una wake wangapi wa kuwapa stovu?"

"Na wewe ukaniandikia hamsini na tano," Gerishon akasema kwa unyonge. "Mimi nimefukuza usingizi wa wafanyakazi wangu wote huku ng'ambo."

"Mimi nilifuata karatasi!"

"Kila mtu alifuata karatasi," mwalimu akasema. "Sasa tazameni." Akachora ukutani kwa chaki. Mstari wa wanunuzi ulikuwa umenyooka kama uzi. Nne, nne, nne, mwanzo hadi mwisho. Mistari yetu ilipanda na kushuka kama vilima vya Ngong. "Wanunuzi hawakubadilika hata wiki moja. Duniani bidhaa hukosekana au huoza bandarini kwa namna hii hii. Mwenye kiwanda hamjui Mama Sella. Anajua karatasi ya aliye mbele yake. Mtu akinyamaziwa anakisia, na akikisia anazidisha. Lakini kuna kitu sielewi. Kati ya duka na jumla, duka linaomba kidogo, jumla linatoa mno. Kwa kawaida huwa kinyume. Shiundu, ulikuwa unafikiria nini?"

Shiundu akauambia ukuta, "Mwalimu, nilipewa karatasi na mtu ambaye siwezi kumpa kidogo."

Muthoni akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama vikombe vilivyolala sakafuni. Akaweka mkono mdomoni. "Ngai. Mama Sella. Huyu ni mume wa Sella?"

Nikakunja kitambaa changu, nikakikunjua. Hilo nalo ni jibu.

Mwalimu alielewa. Hata kwao wanaheshimu wakwe, ingawa hawafiki umbali wetu. Hakutucheka wala hakutuuliza zaidi. Alisema tutacheza mara ya pili, na safari hii kuongea ni ruhusa, kila meza iambie nyingine kinachoendelea kwake.

"Hawa wawili hawasemezani, mwalimu," Muthoni akasema.

"Basi wewe Muthoni utakaa katikati yao. Utakuwa mdomo wao. Bandari nitampa mtu mwingine."

Muthoni akavuta kiti chake akaketi katikati, kama mlango uliowekwa katikati ya shamba. Tukacheza. Nami nikasema, "Mwambie wa jumla leo wameuza nne, na naona zitabaki nne." Muthoni akamgeukia Shiundu: "Anasema nne." Shiundu: "Mwambie sawa, mama, nne zinakuja." Stovu zilipokuja, Muthoni akazipokea kwa mkono huu akanipa kwa mkono ule. Nne zikaingia, nne zikatoka. Hakuna kilichojaa wala kilichopungua. Mwalimu alikuwa akitembea kati ya meza, mikono nyuma, anatabasamu.

Mimi nilikuwa nasikia sauti ya Shiundu tu. Sauti ya mtu anayekula meza moja na mwanangu. Kila aliposema "mama" niliisikia mgongoni. Nikawaza kwamba mchezo huu ukiisha atatoka kupitia mlango ule, nami sitapata tena mtu wa kukaa katikati.

"Muthoni," nikasema.

"Nne?"

"Si stovu. Muulize... muulize mtoto anaitwa nani."

Muthoni akaacha kuchezea maharagwe. "Amekusikia, Mama Sella. Hana pamba masikioni."

"Muulize hata hivyo."

Akamgeukia. Kwa mara ya kwanza sauti ya Muthoni ilikuwa ndogo. "Anauliza mtoto mnamwita nani."

"Mwambie mama tunamwita Wekulo, jina la baba yangu, ingawa ni msichana. Na Sella anamwita Nanyama."

Nanyama ni mimi. Hakuna anayeniita hivyo Nairobi. Huku mimi ni Mama Sella, au mama wa mafuta. Niliweka stovu nne chini.

"Muulize kama wako wazima. Mwambie... mwambie mlango wangu uko wazi, Sella aje hata kesho. Wazee watakaa baadaye. Mwambie mimi mwenyewe ndiye ninayesema, nimemwita."

Muthoni alimwambia yote, neno kwa neno, hata "hata kesho". Nikasikia kiti cha Shiundu kikilia.

"Jumla," Muthoni akasema, "sema basi. Mtu anangoja."

"Mwambie mama hawako hapa," akasema. "Wako nyumbani, Kakamega, kwa mama yangu. Nimewapeleka tangu mvua zilipoanza, chumba chetu kiliingia maji, na mtoto alikuwa anakohoa. Amepona sasa. Mwambie amepona." Akapumua. "Kabla hatujasafiri tulimtuma mtu ampe yule mama wa samaki neno, kwamba Sella anataka kupita Makina kuaga. Sella akasema, mama akitaka nije ataniita. Tukangoja. Alifunga mizigo, akaifungua, akaifunga. Halafu tukapanda basi."

Nasipwondi wakati huo alikuwa ameshakwenda zake Busia. Neno lilibaki njiani, au lilipewa mtu mwingine akalisahau, au lilifika kwenye kibanda changu siku ambayo sikuwepo. Nani ajuaye. Mimi nilikuwa nangoja waje kama inavyotakiwa, na wao walikuwa wanangoja niwaite. Na wanawake wote wale niliowatazama mgongoni kutoka Dagoretti Corner hadi hapa, Jumamosi baada ya Jumamosi, hakuna ambaye angeweza kuwa yeye. Nilikuwa namtafuta mtu aliyeshaondoka.

Muthoni alikuwa ananishika bega. "Anasema..."

"Nimesikia."

"Nimjibu nini?"

Reli ikagongwa. Mwalimu alikuwa upande wa kiwanda, hakujua kinachoendelea huku. Nilitoa stovu nne kwa wanunuzi, kwa kuwa mikono inajua kazi yake.

"Muulize atarudi naye lini."

"Mama, mahindi bado yako shambani," Shiundu akasema, bila kungoja Muthoni. Alikuwa bado anautazama ukuta, lakini alisema nami. "Nitaandika barua jioni hii, nimwambie umemwita. Barua ikifika, na mavuno yakiisha, na wazee wakikubali kuja naye. Labda Krismasi. Siwezi kusema uongo, sijui."

"Sawa, baba," nikasema. Ni neno tunalomwita mkwe. Sikuwahi kulitumia.

Ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeshauliza, na mtu akishafungua mdomo haufungi tena upesi.

"Muthoni, muulize sasa amekua kiasi gani."

Muthoni hakuuliza. Alikuwa anafuta macho kwa kona ya leso, anajifanya vumbi limemwingia. Nikageuza kichwa nusu, kama inavyoruhusiwa, nikamwona Shiundu kwa ubavu. Alikuwa ameshusha mkono wake kando ya goti. Hakuulaza kiganja, maana kiganja kilicholala ni cha kupimia mbuzi na magunia. Aliukunja mkono, vidole vikatazama juu, kama tunavyompima mtoto wa mtu. Akaushusha kidogo, akafikiri, akaupandisha tena kidogo.

"Hapa," akauambia ukuta. "Siku ile ya basi alikuwa hapa. Alikuwa anasimama akishika ndoo."

Nikatazama pale. Kutoka sakafuni hadi ncha za vidole vyake hapakuwa na kitu, ila simenti na mguu wa meza na haragwe moja lililoanguka. Nilipatazama hivyo hivyo.

Mwalimu akagonga reli. Mkono wa Shiundu ukapanda ukachukua kikombe, ukaanza kuhesabu stovu zangu. Muthoni akazipokea akanyoosha mkono wake kwangu, akangoja wangu, akasema, "Mama Sella, nne," nami bado nilikuwa naangalia pale chini.